Linda Pale Maji Yanapoingia

Muulize mkazi yeyote wa Dodoma mjini maji yake yanatoka wapi, atakujibu Mzakwe. Jibu hilo ni nusu tu. Visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji, vimeubeba mji huu kwa zaidi ya nusu karne, lakini kisima hakizai maji. Maji yanayovutwa Mzakwe yaliingia ardhini kwingine: kwenye miteremko ya milima ya Chenene, na zaidi kwenye mchanga wa Kinyasungwe Ndogo, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka unauvuka kwa miguu bila kulowa unyayo. Anayekata miti Chenene au anayechota mchanga mtoni hajafika hata karibu na uzio wa visima, na bado ameshagusa bomba la mtu wa Area C, mjini.

Mwongozo huu ni wako wewe mjumbe wa halmashauri ya kijiji au kamati ya maji, mwenye shamba mlimani, au mwenye kiwanja kando ya korongo. Nimeuandika kwa ajili ya nchi hii kavu ya kati, Dodoma na majirani zake. Mtu wa Rungwe au Lushoto atahitaji mwingine, maana kwake chanzo ni jicho la maji linalobubujika mwaka mzima. Kwetu, chanzo mara nyingi ni sehemu ambayo ukiiangalia kiangazi huoni hata tone.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua lake lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kwa hesabu ya kawaida, chini kusingefika kitu. Lakini Makutupora kuna kumbukumbu adimu barani Afrika: kina cha maji ya visima kimepimwa tangu 1955. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walioichambua rekodi hiyo ya miaka 55, na kuchapisha matokeo yao 2013, waliona kwamba maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi na kuyapandisha kwa mkupuo. El Niño ya 1997/98 ndiyo iliyojaza kuliko zote. Utafiti uliofuata, wa 2021, ukaonyesha njia yenyewe: maji huzama sana kupitia mchanga wa mito ya msimu, na kadiri mto unavyotiririka siku nyingi ndivyo kiasi kinachozama kinavyoongezeka.

Maana yake kwako ni hii. Kazi unayoifanya miaka ya ukame ni ya kuusubiri mwaka ule mmoja. Ukija na kuikuta milima mitupu, mafuriko yatapita kwa siku mbili, yatabomoa madaraja, yatakwenda zake. Ukikuta vichaka na nyasi, mto utatiririka wiki kadhaa na chini kutajaa.

Nusu ya mvua

Kama kuna mtu kijijini anakwambia "miti haileti mvua, kwa hiyo tukate", usibishane naye kuhusu mvua. Mpeleke Mpwapwa. Mwaka 1933 mtaalamu R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi huko, akavizungushia kingo, akaanza kupima maji na udongo unaotoka katika kila kipande mvua inaponyesha. Ni miongoni mwa vipimo vya kwanza kabisa vya mmomonyoko barani Afrika. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua ilikimbia, na kila hekta ilipoteza zaidi ya tani 140 za udongo kwa mwaka. Kwenye shamba la nafaka, karibu robo ya mvua ilikimbia. Kwenye kichaka ambacho mifugo haikuingia, haikufika hata asilimia moja, na udongo haukuondoka.

Ziweke namba hizo katika eka yako. Mvua moja nzuri ya milimita 40 ikinyesha juu ya eka moja ni zaidi ya lita 160,000. Eka ikiwa tupu, lita 80,000 zinashuka mbio korongoni. Hayo ni maboza manane ya lita 10,000, na bei ya boza moja Dodoma unaijua. Kweli, hata yanayozama si yote yanayofika kisimani; mengine mimea huyanywa, mengine jua huyarudisha. Ila yaliyokimbia hayana hata nafasi hiyo, na yameondoka na udongo wako.

Na udongo huo una mahali unapokwenda. Mabwawa ya Imagi, Msalatu, Matumbulu na Ikowa, yote ya Dodoma, yalipimwa na watafiti na matokeo kuchapishwa 1972. Mchanga na tope vilikuwa vinayala kwa kasi ambayo walioyajenga hawakuitegemea. Hombolo, lililojengwa 1957 kwenye Kinyasungwe, nalo limepungua kina.

Tembea wakati wa mvua

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Mvua kubwa ya pili au ya tatu ya msimu ikinyesha, vaa mabuti, chukua mzee mmoja anayeijua ardhi na kijana mmoja mwenye simu, mpande kuanzia kisima au chemchemi yenu kuelekea juu. Angalieni maji yenye tope jekundu yanatoka shamba la nani, njia gani ya ng'ombe imegeuka mfereji, wapi maji yanatulia na kupotea ardhini. Pale yanapotulia na kupotea, wekeni alama. Mtashangaa, mara nyingi ni sehemu isiyothaminiwa: kipande cha mchanga mguuni mwa mlima, uwanda wenye migunga, mahali korongo linapopanuka na kulala. Kijana apige picha na kuhifadhi majira ya nukta. Simu yoyote ya kisasa inafanya hivyo.

Rudini tena Septemba au Oktoba, wakati wa shida. Safari hii mnatafuta kinyume: wapi bado kuna unyevu, mikuyu iko wapi, akina mama wanafukua mchanga wapi na wanakwenda chini kiasi gani kabla ya kupata maji. Waulizeni wao kwanza. Kamati nyingi za maji huanza kwa kumuuliza mwenyekiti, na mwenyekiti hajawahi kushika kata akachota.

Ramani ya safari hizo mbili, hata ikichorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya manila, ndiyo ramani ya chanzo chenu.

Halafu jueni mko bonde gani, kwa sababu ndiko barua zenu zitakakokwenda. Tanzania Bara ina mabonde tisa ya maji, na Mkoa wa Dodoma peke yake umegawanyika katika matatu. Maji ya Kinyasungwe yanaelekea Wami, kwa hiyo ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, makao yake Morogoro. Mto Bubu unaotoka upande wa Kondoa unaishia kwenye mbuga ya Bahi bila kufika baharini. Huo ni wa Bonde la Kati, Singida. Vijiji vya kusini vinavyomwaga maji yake Mtera ni vya Bonde la Rufiji, Iringa. Nimeona barua nzuri yenye muhuri na sahihi zote ikizunguka miezi kwa sababu ilipelekwa bonde lisilohusika.

Mita 60 na kinachobaki nje yake

Kila mtu anazijua mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Ni silaha nzuri, itumieni. Mpime kutoka ukingoni, pale maji ya masika makubwa yanapofika, siyo kutoka kwenye kijito chembamba cha Agosti. Kwenye mito yetu tofauti ya hapo inaweza kuwa upana wa uwanja wa mpira, na mwenye bustani ya nyanya ndani ya mto atakwambia kwa dhati kabisa kwamba yuko mbali na maji. Wekeni vigingi vya zege na majirani wakiwepo. Ukiweka vigingi usiku, asubuhi ya pili vitakuwa vimehama.

Ila mita 60 hulinda ukingo tu. Mlima ulioko kilomita nane juu, ambako maji yanaingia, uko nje ya kipimo hicho, na hapo ndipo kijiji kinapohitaji karatasi zaidi. Njia zipo tatu na hazigombani. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, unaweza kuutenga mlima kuwa eneo la hifadhi ya maji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatoa nafasi ya eneo la chanzo kutangazwa kuwa eneo tengefu. Hiyo inaanzia kwa Bodi ya Bonde na kumalizikia kwa Waziri wa Maji. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo ya taratibu kuliko zote. Anzeni na ya kwanza.

Sheria ndogo ifuate mara moja, kwa sababu mpango usio na adhabu ni picha ya ukutani. Halmashauri ya kijiji inaiandaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaijadili, Halmashauri ya Wilaya inaiidhinisha. Kabla ya kuidhinishwa, faini mnayotoza haina miguu ya kisheria, na mtu mmoja mwenye wakili atawaangusha. Hifadhini muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio na sahihi. Ndio utakaosomwa siku ya kesi. Ukiwa ndani ya Jiji la Dodoma, ambako kuna mitaa badala ya vijiji, mlango wako ni ofisi ya mipango miji: omba kuona mchoro wa eneo lako kabla viwanja havijapimwa, kwa sababu kuondoa bikoni ni kugumu kuliko kuzuia isiwekwe.

Shida ya kweli ni kwamba mlima ni wa kijiji kimoja na maji yananywewa na kingine. Kondoa wanalijua hili vizuri. Bomba la Ntomoko lilijengwa miaka ya 1970 kuchukua maji ya chemchemi za milima ya Haubi na kuyashusha vijiji vya chini, ambavyo vingi leo viko Chemba. Kwa aliye juu, kila eka inayotengwa ni eka ya mahindi aliyonyimwa. Kwa aliye chini, ni ndoo. Msitegemee huruma hapo. Fanyeni mpango wa pamoja wa vijiji, sheria inauruhusu, na chombo cha watumia maji cha chini kitenge sehemu ya makusanyo yake kwa ajili ya walinzi wa juu: mshahara wa mlinzi, mizinga ya nyuki, miche. Kama kijiji cha juu hakipati kitu, mkataba huo hautamaliza misimu miwili.

Ng'ombe waende wapi?

Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Walianza na matrekta, wakachonga matuta ya kontua milimani. Makorongo yaliendelea kukua. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua ambayo wazee wa Kondoa hawajaisahau: mifugo yote, karibu 90,000, iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoliwa na mmomonyoko. Miaka michache baadaye nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe, bila trekta, na makorongo mengi yakatulia.

Wengine husimulia hadithi hiyo na kuishia hapo, kama ushahidi kwamba dawa ni kufukuza. Mimi naiendeleza. Ng'ombe hawakuyeyuka, wengi walihamia ardhi ya wengine na mzigo ukahamia huko. Maziwa yakawa ya shida kwa watoto wa Kondoa, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 ikabidi watu waanze kufuga bandani, ng'ombe wachache wanaoletewa majani. Kwa hiyo kabla hujaandika "mifugo hairuhusiwi", jibu swali la mchungaji: anyweshe wapi? Jengeni birika la kunyweshea nje ya eneo la chanzo, upande wa chini, maji yafike kwa bomba. Mtengeeni njia ya kupita. Mruhusuni akate nyasi ndani ya hifadhi na kubeba. Nyasi zilizokatwa hazina kwato.

Na namna ya kusema ina uzito wake. Usimpelekee mgambo kwanza. Nenda jioni ng'ombe wakirudi, salimia, "Shikamoo mzee," kaa chini, uliza habari za mifugo, ndipo useme: "Mzee, tumekuja kuomba ushauri. Kisima cha mchangani mwaka huu kimekauka Agosti. Wewe umekichimba tangu ujana wako, unaona shida ni nini?" Mara nyingi atakutajia mwenyewe, pamoja na majina ya wenye mashamba ambayo hukuyajua.

Mlimani, acha visiki viote

Siku za kupanda miti zina hotuba nyingi na miche mingi inayokufa Septemba. Katika ukame wetu, mti wa bei rahisi ni ule ambao mizizi yake tayari iko chini. Ndiyo maana kazi ya Kisiki Hai, inayosambazwa Dodoma na shirika la LEAD Foundation, imeshika kwa wakulima. Namna yake ni hii: unatafuta kisiki kinachochipua, unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, unapogoa mengine yote na matawi ya chini, unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kina mwenyewe, kisha unakilinda dhidi ya mbuzi na moto. Njia kama hiyo ndiyo iliyorudisha miti Niger, kwenye mamilioni ya hekta, kuanzia miaka ya 1980.

Pamoja na visiki, chimba makinga maji kukata mteremko. Yafuate usawa wa ardhi, upime kwa fremu ya A yenye kamba na jiwe. Kinga lililoinama hata kidogo linakusanya maji kona moja, linapasuka, na unakuwa umechonga korongo kwa mkono wako. Anza juu ya mlima ukishuka. Wengi huanza chini karibu na nyumba, mvua ya kwanza inafagia yote. Kwenye korongo dogo pangilia vizuizi vya mawe au matawi, vifupi na vingi. Korongo linaloweza kumeza nyumba liachie wahandisi.

Kuzunguka chemchemi yenyewe usipande mikaratusi, hata ukipewa miche bure. Inakua haraka kwa sababu inakunywa haraka. Panda mikuyu na mizambarau, na nyasi chini yake.

Mchanga

Tangu serikali ilipohamia Dodoma kwa kishindo baada ya 2016, mji umejengwa usiku na mchana. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika manispaa; ya 2022 ikawakuta 765,179. Nyumba zao zimejengwa kwa mchanga, na mchanga mzuri uko mtoni. Hili ndilo tishio ambalo naona linachukuliwa kirahisi kuliko yote, kwa sababu tipa likiondoka mto unaonekana vilevile, na masika yakija mchanga mwingine unaletwa.

Mchanga wa mto ni ghala. Mita moja ya ujazo ikilowa kabisa inaweza kukurudishia lita 200 hivi za maji, na maji yakishakuwa zaidi ya nusu mita chini ya uso, jua haliyafikii tena kwa urahisi. Tipa la mita tano za ujazo linaondoka na nafasi ya lita 1,000. Wakichota hadi kwenye mwamba au udongo mzito, maji ya masika yanayofuata yanapita juu kama kwenye sakafu. Jirani zetu wa Kitui na Machakos, Kenya, wameliona hili kwa upande wa pili: wanajenga kuta za zege kukinga mto ili mchanga ujae nyuma yake, kisha wanachota maji humo kiangazi kizima.

Kupiga marufuku mchanga wote hakutekelezeki, na vijana wa kupakia ni watoto wenu. Gaweni mto. Sehemu za visima, zenye mikuyu, zenye daraja, na zile mlizoziwekea alama kwamba maji yanapotea hapo, zisiguswe kabisa. Pale panaporuhusiwa, mchimbaji aonyeshe leseni ya Tume ya Madini, achote kwa kina mlichokubaliana na asikate kingo. Chomekeni nondo iliyopakwa rangi kila nusu mita, nyekundu ikiwa kwenye kina mlichokubaliana. Ikionekana nyekundu, eneo linafungwa mpaka masika. Kizuizi kiwe barabarani, tipa lina njia moja au mbili za kutokea. Mtoni usiku hamtamkamata mtu.

Kiwanjani

Mjini tishio linatoka chini ya nyumba. Choo cha shimo na shimo la maji taka humwaga naitreti ambayo haionekani wala hainuki, na kuchemsha hakuiondoi. Kisima kiwe mbali na choo, isipungue mita 30, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Mchimbaji wa kisima awe na leseni, na kibali cha Bodi ya Bonde kitangulie mtambo. Kisima cha zamani kisichotumika kifunikwe kwa zege. Kikiachwa wazi, oili chafu ya gereji inapata njia ya mkato.

Daftari

Mwisho, pima. Chemchemi ipimwe kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, mara moja kwa mwezi, mahali palepale. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilimhesabia mtu wa kijijini lita 25 kwa siku, kwa hiyo chemchemi hiyo inatosha watu 1,700 hivi kama mna tangi la kukusanyia maji ya usiku. Kisima pimeni kwa kamba yenye mafundo, asubuhi kabla ya watu kuteka. Mvua pimeni kwa kipimo cha plastiki, kisichokuwa chini ya mti. Andikeni tarehe, namba na jina la aliyepima. Mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake wataifanya kazi hii kwa uaminifu kuliko kamati.

Oktoba kila mwaka toeni nakala mbili, moja kwa Bodi ya Bonde, moja kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, zigongwe muhuri wa kupokelewa. Siku mwekezaji atakapokuja na mchoro wa shamba la umwagiliaji au machimbo juu ya chanzo chenu, na maofisa wa mazingira wakaitisha maoni ya wananchi, mtakwenda na namba za miaka mitano, na ramani ile ya manila.